Akina mama wa Gusii na saratani: hesabu zinasema nini?

Lisemwalo lipo, na kama halipo laja. Kuna neno linalosemwa kila watu wa Kisii na Nyamira wanapokutana mjini kuchangia gharama za hospitali au za mazishi. Linasemwa katika vikao vya Kawangware, linasemwa ndani ya matatu za Keroka, linasemwa sokoni Daraja Mbili: kwamba saratani inawamaliza akina mama wa Gusii, na kwamba zamani mambo hayakuwa hivi.

Wanaosema hivyo si waongo. Wanasema walichokiona. Mwisho wa juma magari yaliyobeba majeneza huondoka Nairobi kuelekea milima ya Gusii. Mtu aliyesafiri nayo mara tatu kwa mwaka mmoja, na mara mbili kati ya hizo akaambiwa kuwa aliyelala mle ndani ni mama aliyeuawa na saratani, ana haki ya kuogopa. Lakini, msomaji wangu, kuogopa ni jambo moja na kujua ni jambo jingine. Jumapili ya leo nataka tukae pamoja, wazazi na wanafunzi, tujifunze kuzisoma hesabu za vifo hivi. Somo lenyewe si gumu. Linataka mtu ajiulize maswali matano kabla ya kulipokea neno au kulikataa.

Swali la kwanza: Ni nani aliyeandika chanzo cha kifo?

Hapa Kenya mtu akifariki hospitalini, wahudumu wa hospitali hujaza fomu iitwayo D1, na chanzo cha kifo huandikwa na mwenye ujuzi wa tiba. Mtu akifariki nyumbani, jamaa zake humwendea naibu wa chifu, naye hujaza fomu D2 na kutoa kibali cha mazishi. Naibu wa chifu si daktari. Huandika kile anachoambiwa na wenye msiba.

Nao wenye msiba husemaje? Husema mama alikuwa na tumbo. Husema alikuwa na mgongo, au alishindwa kumeza chakula. Hata matangazo ya vifo redioni na magazetini yana lugha yake: "baada ya kuugua kwa muda mrefu". Basi mama aliyekufa kwa saratani ya mlango wa kizazi huingia kitabuni kama mgonjwa wa tumbo, na aliyekufa kwa saratani ya umio, yaani koo la kupitishia chakula, huandikwa kuwa alikufa kwa udhaifu wa mwili. Tena tusisahau kwamba nchini kote ni takriban nusu tu ya vifo vinavyoandikishwa. Vingine huishia kaburini bila karatasi.

Matokeo yake ni nini? Tuseme mwaka huu akina mama wengi zaidi wamefia hospitalini kuliko mwaka jana, kwa sababu barabara imetengenezwa au zahanati imepandishwa daraja. Vifo vya saratani kitabuni vitapanda, ijapokuwa ugonjwa wenyewe haukuongezeka hata kidogo. Kilichoongezeka ni kalamu ya daktari.

Swali la pili: Kifo kiliandikwa wapi?

Kifo huandikishwa pale kilipotokea. Mama wa Nyansiongo huugua nyumbani, hupelekwa Nyamira, kisha Kisii mjini, kisha Tenwek kule Bomet, au Kisumu, au Eldoret, au Hospitali ya Kenyatta jijini. Kwa miaka mingi hospitali hiyo ya Kenyatta ndiyo pekee ya umma iliyokuwa na mashine za mionzi, kwa hiyo mgonjwa hakuwa na pengine pa kwenda. Akifia huko, karatasi hujazwa huko. Lakini mwili hurudi nyumbani, kwani Mgusii huzikwa kwao. Kijiji huhesabu kaburi, na Nairobi huhesabu kifo. Ndiyo maana mwanakijiji na ofisa wa takwimu wanaweza kubishana siku nzima, na wote wawili wakawa wanasema kweli.

Kuna na upande wa pili. Hospitali ya Mafunzo na Rufaa ya Kisii hupokea wagonjwa kutoka Migori, Homa Bay na Narok, mbali na wale wa Kisii na Nyamira. Ukisikia kwamba hospitali hiyo imehudumia wagonjwa wengi wa saratani, usikimbilie kusema kwamba wote ni wa Gusii. Daftari la hospitali hukuambia ni nani walioingia mlangoni. Halikuambii ni wangapi walio wagonjwa vijijini.

Swali la tatu: Ni wangapi kati ya wangapi?

Hapa ndipo wengi wetu hujikwaa. Idadi ya vifo peke yake haina maana mpaka ujue imetoka katika watu wangapi. Kwa hiyo wataalamu hugawanya idadi ya vifo kwa idadi ya wanawake, kisha huzidisha kwa 100,000. Wanafunzi, chukueni kalamu tufanye hesabu pamoja.

Katika sensa ya 2019 Kisii ilikuwa na watu 1,266,860 na Nyamira 605,576. Wanawake na wasichana wa kaunti hizo mbili walikuwa takriban 976,000, yaani 4 hivi kati ya kila 100 wa Kenya nzima. Sasa Shirika la Kimataifa la Utafiti wa Saratani, lililoko Lyon nchini Ufaransa, lilikadiria kwamba mwaka wa 2022 saratani ya mlango wa kizazi iliua wanawake 3,591 nchini Kenya. Kama Gusii ingekuwa sawa na sehemu nyingine za nchi, fungu lake la vifo hivyo lingekuwa kama 145 kwa mwaka. Hayo ni kama 15 kwa kila wanawake 100,000.

Idadi hiyo ya 145 si hesabu ya waliokufa. Ni kipimo cha kulinganishia, mfano wa kibaba cha dukani. Anayetaka kutuambia kwamba Gusii ina balaa kuliko kwingine sharti atuonyeshe vifo vinavyozidi sana kibaba hicho.

Sasa tuigawe tena. Kisii ina wadi 45 na Nyamira 20, jumla 65. Tukichukulia kwamba wadi zote zinalingana, kila moja itapata vifo 2 na ushei kwa mwaka kutokana na saratani hiyo. Lakini kifo hakigawanywi kwa mizani kama sukari. Kwa bahati tupu, bila sababu yoyote ya ziada, mwaka huo huo wadi kama 7 hazitakuwa na kifo hata kimoja, na wadi 4 au 5 zitakuwa na vifo 5 au zaidi. Mwaka unaofuata bahati itahamia wadi nyingine. Mwandishi wa habari akifika katika wadi iliyopata vifo 5, ilhali mwaka uliotangulia ilipata kimoja, ataandika kwamba saratani imeongezeka mara tano. Naye diwani atasimama na kulaumu maji, mbolea au mlingoti wa simu. Kumbe hakuna kilichobadilika. Ukihesabu vitu vichache, hesabu hurukaruka. Ili kuuona mwelekeo wa kweli inafaa kujumlisha miaka 5 au 10, na kuzitazama wadi nyingi kwa pamoja.

Na uchunge mipaka pia. Nyamira ilikatwa kutoka Wilaya ya Kisii mwishoni mwa miaka ya 1980. Gucha nayo ikakatwa katika miaka ya 1990, kisha ikarudi ndani ya Kisii kaunti zilipoanza kazi mwaka wa 2013. Kitabu cha 1975 kikitaja "Kisii" kinazungumzia eneo ambalo si lile linaloitwa Kisii leo. Anayelinganisha mambo ya miaka hiyo na ya sasa bila kusema hivyo analinganisha debe na pishi.

Swali la nne: Ni wa umri gani?

Saratani nyingi ni maradhi ya umri mkubwa. Jamii yenye wazee wengi itazika watu wengi kwa saratani kuliko jamii yenye vijana wengi, hata kama hatari kwa mtu mmoja mmoja ni ile ile.

Tazama Nyamira. Mwaka wa 2009 ilikuwa na watu 598,252. Miaka 10 baadaye iliongezeka kwa watu 7,000 na ushei tu. Watoto walizaliwa, lakini vijana wengi walihama kutafuta kazi, na baadhi yao ni ninyi mnaosoma ukurasa huu mkiwa Nairobi, Nakuru na Mombasa. Waliobaki na migomba na majani chai ni baba na mama zenu. Vijana wakiondoka na wazee wakabaki, kiwango cha vifo vya saratani hupanda chenyewe.

Kisha kuna habari ya UKIMWI. Kabla ya dawa za kupunguza makali kusambazwa katika hospitali za umma miaka ya 2000, virusi viliua wanawake wengi wakiwa na miaka 25 au 35. Leo mwanamke mwenye virusi anayekunywa dawa huishi akawaona wajukuu. Hilo ni jambo la kumshukuru Mungu. Lakini mwanamke huyo ana hatari ya kupata saratani ya mlango wa kizazi inayokaribia mara 6 ya mwenzake asiye na virusi. Kwa hiyo sehemu ya vifo tunavyoviona ni vya wanawake ambao zamani wasingefika umri huo.

Ndiyo sababu wataalamu hutumia hesabu iliyorekebishwa kwa umri. Huuliza: kama sehemu zote mbili zingekuwa na vijana na wazee kwa kiasi kimoja, je, vifo vingekuwa vingapi? Ukisoma ripoti, tafuta kama marekebisho hayo yamefanywa. Kama hayakufanywa, usilinganishe Nyamira na Nairobi.

Swali la tano: Mizani ni ile ile?

Shirika lile la Lyon lilikadiria kwamba saratani za kila aina, kwa wanaume na wanawake, ziliua Wakenya 32,987 mwaka wa 2018. Kwa mwaka wa 2020 likakadiria 27,092, na kwa 2022 likakadiria 29,317. Mtu asiyejua atasema: katika miaka 2 tulipunguza vifo karibu 6,000, kisha tukalegea. La hasha! Kilichobadilika kati ya makadirio hayo ni data na njia ya kukadiria, na shirika lenyewe huwaonya watu wasiyapange makadirio ya miaka hiyo katika mstari mmoja wakauita mwelekeo. Ukipima gunia kwa mizani ya duka moja leo na ya duka jingine kesho, usimlaumu mkulima kwa kilo zilizopotea.

Tena makadirio hayo ya Kenya hutegemea hasa rejista za saratani za Nairobi na Eldoret. Sauti ya mama wa Ogembo au Kebirigo husikika humo kwa mbali, pengine pale tu alipokwenda kutibiwa huko.

Sasa tuseme nini?

Msomaji wangu atauliza: baada ya maswali yote hayo, saratani inaongezeka au haiongezeki? Idadi ya akina mama wanaozikwa kwa saratani imeongezeka, kwani watu ni wengi zaidi, wanaishi zaidi, na madaktari wanautambua ugonjwa zaidi. Lakini hilo halimaanishi kwamba hatari ya mwanamke mmoja wa Kisii, wa umri fulani, imepanda kuliko ile ya mama yake alipokuwa na umri huo. Mazishi hayawezi kuthibitisha hilo. Linathibitishwa na rejista nzuri inayotunzwa kwa miaka mingi.

Kuna na jambo ambalo hesabu zinalisema waziwazi. Mwaka wa 2022 saratani ya matiti ilikadiriwa kuwapata wanawake wengi zaidi nchini, kama 7,243, nayo ikaua 3,398. Ile ya mlango wa kizazi iliwapata 5,845, lakini ikaua 3,591. Yaani iliyowapata wachache zaidi ndiyo iliyoua wengi zaidi. Nayo ndiyo tunayoweza kuizuia kuliko nyingine! Karibu yote husababishwa na virusi vya HPV, na tangu virusi viingie hadi saratani itokee hupita kwa kawaida miaka 15 hadi 20. Kwa mwenye kinga dhaifu ni miaka 5 hadi 10. Katika muda huo wote ugonjwa ungali doa dogo linaloweza kuonekana kwa kipimo cha siki au cha HPV, na kuondolewa kabla halijawa donda. Lakini utafiti wa kitaifa wa 2015 ulionyesha kuwa kati ya wanawake 100 wa miaka 30 hadi 49, ni kama 16 tu waliokuwa wamewahi kupimwa. Usipoziba ufa utajenga ukuta.

Chanjo ya HPV nayo ilianza kutolewa nchini Oktoba 2019 kwa wasichana wa miaka 10. Nawasikia wengine wakiuliza mbona vifo havijapungua. Hapo pia tujue kusoma hesabu. Msichana aliyekuwa na miaka 10 mwaka ule atafikisha miaka 40 mwaka wa 2049. Faida ya sindano ile itaonekana katika vitabu vya vifo wakati huo, si mwaka huu. Mzazi anayesubiri takwimu zimshawishi atakuwa amechelewa kwa binti yake.

Mbona basi tujisumbue na fomu na hesabu? Kwa sababu pasipo hesabu, watu hutafuta mchawi. Mwezi wa Oktoba 2021, huko Marani katika Kaunti ya Kisii, wanawake wanne wazee waliuawa na umati kwa tuhuma za uchawi. Sisemi kwamba chanzo kilikuwa saratani. Nasema kwamba mahali ambapo ugonjwa hauna jina na kifo hakina sababu iliyoandikwa, kidole huelekezwa kwa jirani, na mara nyingi jirani huyo ni ajuza asiye na mtetezi. Kadhalika, serikali hupanga wapi pa kuweka wauguzi, mashine na dawa kwa kutazama vitabu. Mama aliyeandikwa kuwa alikufa kwa "tumbo" hawezi kuwadai binti zake kliniki.

Kwa hiyo nina mambo matatu kwa familia inayosoma ukurasa huu leo.

Kwanza, mwanamke aliyetimiza miaka 25 aulize kipimo cha mlango wa kizazi katika kituo cha afya kilicho karibu naye, na mwenye virusi vya UKIMWI asikose kabisa. Anayetokwa na damu nje ya siku zake, au baada ya tendo la ndoa, au baada ya kukoma hedhi, asisubiri. Vivyo hivyo kwa uvimbe kwenye titi, chuchu iliyoingia ndani, au chakula kinachokwama kooni. Asidanganyike kwamba hakuna maumivu. Mwanzoni huwa hayapo.

Pili, mnapompigia mama simu nyumbani kuuliza kama mvua imenyesha na ng'ombe amezaa, muulizeni na habari hizo. Wengi wa akina mama wetu huona haya kumwambia mwana wa kiume. Basi dada amwulize, au mke wa mwana amwulize kwa heshima, na nauli ya kwenda Kisii au Nyamira itumwe siku hiyo hiyo, kabla ya siku ya kutuma mchango wa jeneza.

Tatu, msiba ukitokea, na daktari alikuwa ameutaja ugonjwa, msimfiche naibu wa chifu. Mpeni karatasi za hospitali aone, na jina la ugonjwa liandikwe kama lilivyo: saratani ya matiti, ya mlango wa kizazi, ya umio. Hakuna aibu ndani yake. Mficha maradhi kifo humuumbua, lakini anayeficha maradhi ya marehemu huwaumbua walio hai.

Na mkutanapo tena kuchangia, mtu akisimama kusema kwamba saratani inawamaliza akina mama wa kwetu, msimbishie wala msimpigie makofi. Mwulizeni kwa upole: ni wangapi, kati ya wangapi, wa umri gani, nani aliyeandika, na kwa mizani ipi? Kisha mwulizeni swali la sita, ambalo ndilo kubwa kuliko yote: mama yako mwenyewe amepimwa lini?

Hadi Jumapili ijayo, kaeni salama.